Kumtembelea mgema Malindi: tembo linavyopatikana, kutoka karara hadi mrija

Malindi hakuna shamba la mizabibu wala ghala la mapipa. Anayetaka kuona zabibu zikikamuliwa aende Naivasha, au avuke mpaka hadi Dodoma. Mvinyo wa kienyeji lakini upo, na kila siku unatengenezwa juu ya minazi ya Ganda, Msabaha, Gede na Mambrui, pasipo mlango wala kibao cha kukaribisha wageni. Mitaani watu huuita mnazi. Humu tutasema tembo, yaani utomvu wa mnazi uliochachuka, kinywaji kisije kikachanganywa na mti wake.

Tembo linatofautiana na mvinyo wa zabibu kwa saa zaidi kuliko kwa kitu kingine. Zabibu huchachuka kwa siku kadhaa hadi wiki, kisha mvinyo hutulizwa kwa miezi, mwingine kwa miaka. Tembo huanza kuchachuka likiwa bado linadondoka mtini, hufikia ukali wake ndani ya saa 24, na siku ya tatu limeshashika njia ya kuwa siki. Kwa hiyo ziara hupangwa kwa saa za mgema, si kwa saa za mgeni. Ukifika saa nne asubuhi baada ya chai ya hoteli, vibuyu vimeshashushwa, mgema ameshaingia kwenye shughuli nyingine, nawe utabaki kuutazama mti.

Kupanga ziara

Mgema hupanda mara mbili au tatu kwa siku: alfajiri kati ya saa kumi na mbili na saa moja, wengine tena adhuhuri, kisha jioni kuanzia saa kumi. Kama una nafasi ya kwenda mara moja tu, chagua alfajiri, kwa sababu utomvu hutoka kwa wingi zaidi usiku wa baridi kuliko mchana wa jua. Ukiweza kurudi jioni ya siku hiyo hiyo, rudi. Tembo la asubuhi limelala kibuyuni usiku kucha na lina ukali. La jioni ni kidogo lakini tamu. Kuyaonja yote mawili kunafundisha kuliko maelezo ya saa nzima.

Mwenye mnazi na mgema mara nyingi ni watu wawili. Mmoja ana shamba, mwingine anakodi miti na kuigema. Omba ruhusa kwa wote wawili, ukiwa na mwenyeji anayewajua. Malipo yakubaliwe kabla ya kotama, kisu cha mgema, kuchomolewa, na yahesabu muda wa mgema, si chupa ya tembo peke yake. Ruhusa ya picha nayo iombwe mapema.

Kuhusu sheria: tembo ni kileo, na Kenya haruhusiwi kuuziwa aliye chini ya miaka 18. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo wengi huiita sheria ya Mututho, iliweka saa za kuuza kwenye baa kuwa saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Leseni siku hizi hutolewa na kaunti. Kuangalia mgema akifanya kazi alfajiri hakuna tatizo. Ukitaka kukaa mangweni, panapouzwa tembo, na kunywa, uliza kwanza kama mahali hapo pana leseni.

Beba viatu vya kufunika vidole, maji ya kunywa, chupa tatu safi za lita moja, kisanduku chenye barafu na kitambaa cheupe chepesi cha kuchujia. Mwenye hamu ya kupima aongeze haidromita (kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kimiminika), kipimajoto na karatasi za kupimia asidi. Masika usipange ziara fupi ya siku moja: shina likilowa huteleza, na mgema mwenye akili hapandi mvua inaponyesha.

Ukifika

Piga hodi, salimu wazee kwanza, na usianze kuuliza bei ukiwa bado umesimama. Mzee aitwe Mzee au Baba, na mwanamke anayeuza mangweni aitwe Mama, hata kama umri wenu unakaribiana. Kwenye boma la Wagiriama huenda ukamwona mzee akimwaga tembo kidogo chini kabla ya kunywa. Ni la koma, waliotangulia. Nyamaza, usipige picha wakati huo. Ukiona vigango, zile nguzo za mbao zilizochongwa, usiziguse wala kuulizia kama zinauzwa. Vingi vimeibwa na kuishia nje ya nchi, na swali lako litaharibu ziara.

Wakati mgema yuko juu, kaa mbali na shina, angalau hatua nane. Kotama ikiponyoka, au nazi kavu ya mti wa jirani ikianguka, hakuna muda wa kukwepa.

Kuusoma mti

Minazi inayogemwa sana ni ile mirefu ya kienyeji, ambayo huanza kuzaa ikiwa na miaka sita hivi au zaidi na huendelea kwa miongo mingi. Utaitambua iliyo kazini kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina na vibuyu au madumu madogo yaliyoning'inia kileleni. Nazi utaona chache, pengine hakuna. Utomvu huu ndio chakula ambacho kingelisha maua na nazi changa. Karara likishagemwa halizai. Ndiyo maana mwenye shamba huchagua: mti huu wa nazi, ule wa tembo.

Mnazi wenye afya hutoa karara jipya karibu kila mwezi. Karara ni ala ngumu inayofunika shada la maua kabla halijachanua. Linalofaa ni lile lililonenepa, lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, ambalo bado halijapasuka. Likiwa changa mno utomvu huwa hafifu. Likishapasuka, limepotea kwa mgema.

Kufunga, kukunja, kukata

Hapa ndipo penye ufundi, na hapa ndipo uulize maswali.

Kwanza mgema hulifunga karara kwa kamba au vipande vya ukuti, mizunguko iliyobana kuanzia karibu na shina hadi kwenye ncha. Maua ndani yanataka kutanuka. Pasipo kamba ala itapasuka na utomvu utatawanyika. Kisha hulikunja chini kidogo kidogo kwa siku kadhaa, akilifunga kwenye ukuti wa chini yake, hadi ncha ielekee ardhini. Kulikunja kwa siku moja ni kulivunja: mishipa ya ndani hukatika na ncha hukauka. Wengine huligonga polepole kwa mpini wa kotama au kulikanda kwa mkono, ili utomvu uamke.

Karara likishalegea, ncha hukatwa. Siku za mwanzo hutoka unyevu tu, na mgeni anaweza kudhani kazi imeshindikana. Baada ya siku chache hadi wiki mbili hivi matone hushika mwendo. Kuanzia hapo, kila anapopanda, mgema hukata kipande chembamba kutoka kwenye ncha, chembamba kiasi kwamba ukikishika dhidi ya jua mwanga unapita. Muombe akushushie kimoja. Utaona viduara vidogo vyeupe vilivyobanana, kila kimoja ni kijiti cha maua kilichokatwa, na kila kimoja kina unyevu unaometa. Ulambe: ni utamu mtupu, bila harufu ya pombe.

Kukata huku kuna sababu. Kidonda kikiachwa siku nzima, utomvu wenyewe na vijidudu hukiziba kwa utelezi. Ukikata kipya, mishipa hufunguka. Lakini anayekata vipande vinene analimaliza karara upesi: lililopaswa kudumu mwezi au zaidi huisha kwa wiki mbili. Kotama butu nayo husaga badala ya kukata, na kidonda kilichosagika huziba haraka. Ndiyo maana mgema hunoa kotama yake kabla ya kupanda, kila mara, hata kama jana ilikuwa kali.

Chini ya ncha hufungwa kipande cha ukuti kama mlizamu, ili matone yaingie kibuyuni na yasitambae kwenye kamba. Hesabu mwenyewe: tone moja kila sekunde mbili, na matone 20 hufanya mililita moja hivi. Usiku wa saa 12 hapo umetoa karibu lita moja kutoka karara moja. Mti mzuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku. Kiangazi kikali hupunguza.

Kinachotokea kibuyuni

Utomvu unaotoka kwenye kidonda kipya ni maji maangavu yenye sukari, mara nyingi gramu 100 hadi 150 kwa lita, na asidi yake ni karibu na ya maji ya kawaida, pH 7 hivi (namba hii hushuka asidi inapoongezeka). Haukai hivyo. Hewa, wadudu, ncha ya karara, na zaidi ya yote masimbi, yaani mashapo, ya jana yaliyobaki kibuyuni, vyote huleta chachu. Iliyo kuu ni Saccharomyces cerevisiae, ile ile inayoumua mkate na kuchachua zabibu. Pamoja nayo kuna bakteria aitwaye Zymomonas mobilis, ambaye naye hugeuza sukari kuwa kileo, na bakteria wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa lala. Weupe wa tembo ni miili ya viumbe hivyo inayoelea. Tembo jeupe kama maziwa halijatiwa kitu; limechachuka.

Kwa hiyo kibuyu cha tembo kali hakisuguliwi kwa sabuni. Husuuzwa kwa maji tu, na kilichobaki ndicho hamira. Anayetaka tembo tamu hufanya kinyume: chombo huchemshiwa maji, hukaushwa, na utomvu hushushwa mapema. India na Sri Lanka hupaka chokaa ndani ya chungu kwa kazi hiyo hiyo, kwa sababu chachu hailipendi chokaa.

Ukali unaweza kuukadiria. Kila gramu 17 za sukari katika lita hutoa takriban asilimia moja ya kileo. Utomvu wa gramu 130 ungefika asilimia 7.6 kama sukari yote ingegeuka, lakini haigeuki yote: bakteria huchukua sehemu yao kutengeneza asidi, na watu hunywa kabla chachu haijamaliza. Tembo la kawaida la siku moja huwa kati ya asilimia 4 na 6, na pH imeshuka hadi 4 hivi. Hapo ndipo linapokuwa limekamilika. Likiendelea kukaa, bakteria wa siki wanaohitaji hewa hula kileo chenyewe, na ladha inakuwa kali ya kukwaruza koo.

Kaskazi, joto linapopanda, yote haya huenda mbio. Tembo la saa kumi na mbili asubuhi linaweza kuwa limepita kipimo kufikia jioni.

Kuonja kwa mpango

Anza na tembo tamu lililotoka mtini sasa hivi, kisha la asubuhi, kisha la jana. Ukianza na la jana, tamu litakuwa kama maji ya sukari mdomoni. Kunywa kwa mrija wenye chujio la nyuzi chini, ambao huzuia nyuki na vipande vya maua, au chuja kwa kitambaa. Funda moja au mawili yanatosha kujifunza. Tembo kali hukupanda taratibu, nawe umekaa kitako ukidhani ni kinywaji chepesi hadi uinuke. Dereva wa bodaboda aliyekuleta asionjeshwe.

Tembo zuri lina mapovu madogo yasiyokatika, utamu na uchachu vikigombana, na harufu inayokaribia hamira. Likiwa jepesi na weupe wake ni wa maji ya kuoshea mchele, limetiwa maji. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mchuuzi halitii kwa sababu ya sifa tu. Uhaba wa kiangazi nao humshawishi. Likiwa tamu sana ilhali linanuka la jana, pengine limeongezwa sukari ya dukani. Ukiona moto, pipa lililofunikwa na bomba linalopita kwenye maji baridi, hiyo ni chang'aa. Tembo halipikwi. Lipa ulichokunywa, aga, uondoke.

Yanayoharibika, na kwa nini

Mvua ikiingia kibuyuni, utomvu hupungua sukari na bakteria wa uchachu hushinda chachu. Matokeo ni tembo lenye uchachu lisilo na nguvu. Dawa ni kifuniko cha ukuti au plastiki juu ya mdomo wa chombo.

Nyuki na nyigu huzama. Si sumu, lakini wakioza humo harufu hubaki. Komba na popo ni jambo jingine. Wote hupenda kileleni usiku, na hawanywi kwa adabu. Huko Bangladesh virusi vya Nipah vimewafikia watu kupitia utomvu mbichi wa mitende ulioguswa na popo, kwa hiyo chombo kilichofunikwa ni heshima kwa mnywaji popote pale. Ukiona kinyesi kwenye mdomo wa kibuyu, usinywe, hata ukihimizwa.

Utomvu ukikatika ghafla kwenye karara lililokuwa likitiririka, angalia matatu: kidonda kilirukwa siku nzima, karara limekunjwa kwa nguvu likavunjika ndani, au mti una chonga. Huyu ni mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele. Makuti yaliyokatika kwa umbo la pembetatu ndiyo alama yake. Mti wenye chonga hupumzishwa.

Kwenye chupa, kosa ni kukaza kifuniko. Chachu inatoa gesi ya kaboni bila kupumzika. Chupa ya plastiki iliyokazwa hufura ikawa ngumu kama jiwe, na ya glasi hupasuka. Jaza robo tatu tu, kifuniko kilegee, chupa isimame wima. Gari lenye tembo lililomwagika kwenye viti hunuka siki kwa wiki.

Jaribio la chupa tatu

Anayetaka kuelewa, si kuonja tu, achukue utomvu wa jioni, uliotoka mtini saa hiyo, na kuugawa nusu lita kwenye kila chupa. Ya kwanza itie kwenye barafu mara moja. Ya pili iweke kivulini kwenye joto la kawaida. Ya tatu ichemshe kwa dakika tano kwenye sufuria, iache ipoe ikiwa imefunikwa, kisha irudishe kwenye chupa iliyosuuzwa kwa maji ya moto.

Onja zote baada ya saa 4, 8 na 24. Ya barafu itakuwa imebadilika kidogo tu, maana baridi huilaza chachu bila kuiua. Ya kivulini itakuwa tembo kamili. Iliyochemshwa itabaki tamu na maangavu zaidi, na ikianza kutoa mapovu ujue chupa haikuwa safi.

Mwenye haidromita apime ya kivulini mwanzo na mwisho. Kabla ya kupima toa gesi, kwa kumimina kutoka gilasi moja hadi nyingine mara kumi, la sivyo mapovu yatainua haidromita na kukudanganya. Utomvu mbichi husoma kati ya 1.050 na 1.060. Toa kipimo cha mwisho kutoka kwenye cha mwanzo, uzidishe kwa 131: kutoka 1.052 hadi 1.014 ni karibu asilimia 5. Haidromita nyingi hutengenezwa kwa nyuzijoto 20. Kwenye joto la 30 la Malindi ongeza 0.002 hivi kwenye kila kipimo. Na kumbuka utomvu ulianza kuchachuka kibuyuni, kwa hiyo kipimo chako cha mwanzo tayari kimepunguka na kileo halisi ni zaidi kidogo ya hesabu.

Kwa asiyekunywa

Wengi Malindi hawagusi tembo, na ziara bado ina faida kwao. Mpe mgema chombo kipya, kisichowahi kutiwa tembo, kisuuzwe kwa maji yanayochemka na kufungwa asubuhi mtini. Adhuhuri ukishushe, uchuje utomvu na kuubandika motoni ndani ya saa moja. Utomvu uliokaa zaidi ya hapo utatoa asali (utomvu uliochemshwa hadi ukawa mzito) yenye uchachu.

Tumia sufuria pana, moto wa wastani, na uondoe povu linalopanda dakika za mwanzo. Lita 7 hutoa takriban lita moja ya asali ya rangi ya kahawia. Robo ya mwisho ndiyo ya hatari: maji yamekwisha, sukari inaanza kuungua chini, na harufu ya kuungua haitoki tena. Punguza moto, koroga bila kuacha, na uepue ikiwa bado nyepesi kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu itakazana ikipoa.

Siki haitaki moto. Chukua tembo la siku mbili, lijaze nusu ya chombo chenye mdomo mpana cha udongo au glasi, usitumie cha chuma wala cha alumini, na ulifunike kwa kitambaa kilichofungwa kwa uzi. Liweke kivulini kwa wiki tatu hadi nne. Utando utakaotanda juu ni wa bakteria wa siki, usiukoroge. Ukungu wa kijani au mweusi wenye manyoya ni kitu kingine, na chombo chote kimwagwe. Siki ikiwa kali vya kutosha, chuja mara mbili, jaza chupa hadi shingoni ili hewa isibaki, na sasa kifuniko unaweza kukikaza.